Methadoni au buprenofini ukiwa mjamzito? Angalia mwaka wa baada ya kujifungua

Kila nikikaa na mama mjamzito anayetumia unga swali la kwanza huwa lilelile, nikiacha kila kitu leo si ndio mtoto atakuwa salama zaidi? La pili linakuja baadae akishatulia kidogo, kati ya methadoni na buprenofini, zile dawa za kushika nafasi ya unga na kukata arosto (mateso ya mwili ukiukosa), ipi nzuri. Mi ni mkunga na ntalinganisha hapa kama ninavyolinganisha tukiwa wawili kwenye benchi la kliniki, manake maelezo mengi yanazipima hizi dawa kama vile mtu atameza siku moja halafu basi. Kipimo changu ni kimoja na ntakirudia mpaka mnichoke: ipi utaweza kubaki nayo mpaka mtoto afikishe mwaka. Ukimwangalia mtoto wa siku tatu peke yake unapata jibu moja, ukiwaangalia mama na mtoto wa miezi kumi unaweza kupata jibu lingine kabisa.

Hapa naongelea heroini na jamaa zake, yaani tramadoli, kodeini, mofini, fentanili, vyote vya kundi la opioidi. Pombe na vidonge vya usingizi ni habari nyingine, ntaigusa huko mbele na naomba usiiruke.

Kuacha ghafla au kuanza dawa

Hapa sina haja ya kusawazisha mizani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia vilevi na dawa za kulevya unasema mjamzito mwenye utegemezi wa opioidi ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini pale zinapopatikana, sio kuondolewa sumu tu halafu aachiwe hivohivo. Sababu yenyewe wala haihitaji digrii. Heroini inakaa mwilini masaa machache, kwahiyo mama anapanda anashuka anapanda anashuka mara kadhaa kwa siku na mtoto tumboni anapanda na kushuka naye. Dawa inashika usawa mmoja kutwa nzima, arosto inakata, mama analala, anakula, anakumbuka tarehe ya kliniki. Na kuna kingine ambacho watu hawakisemi, aliyeacha wiki tatu mwili wake unakuwa umesahau uzito aliokuwa anaubeba, siku akirudia na kipimo chake kilekile cha zamani anazima palepale, mama na mimba yake kwa pamoja. Na wanaorudia ni wengi sana, sio kwa uzembe, huu ugonjwa ndivyo ulivyo.

Utaambiwa "si umebadilisha unga kwa unga?" Jibu langu huwa ni hili, angalia siku yake inavyokwenda. Anayetafuta kete siku nzima na anayekunywa dozi asubuhi akaenda zake kazini hawafanyi kitu kimoja, hata kama vyote viwili vinagusa sehemu ileile ya ubongo.

Lakini kuna anayekataa dawa kabisa, kaamua, na huyo ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Usimfukuze wala usimnunie. Mwambie ukweli wote, apunguzwe taratibu akiwa chini ya uangalizi, asijifungie chumbani peke yake, na ajue siku akisema nimeshindwa dawa ataipata bila kuhubiriwa. Hiyo sentensi ya mwisho ndio inayowarudisha.

Sasa methadoni na buprenofini zenyewe

Tuanze na kuanza kwenyewe. Methadoni unaanza hata ukiwa bado hujaingia arosto, unapewa dozi ndogo halafu inapandishwa polepole kwa siku na wiki, na polepole hapo ina maana kwa sababu methadoni inajilimbikiza mwilini, dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Wiki mbili za mwanzo ndio za kuangaliwa sana, mtu asije akaongezea unga au vidonge vya usingizi juu yake akasahau kupumua. Buprenofini ni kinyume, kwa kawaida lazima kwanza uingie arosto kiasi, kwa mtumiaji wa heroini tunasema angalau masaa kumi na mbili tangu mara ya mwisho, kwa sababu ukiiweka chini ya ulimi wakati unga bado umekaa vizuri inausukuma nje wote kwa mpigo na unapata arosto ya ghafla ambayo hutaisahau. Siku hizi kuna namna ya kuanza na vipande vidogovidogo vya dozi ili kuikwepa hiyo, uliza kama wanaifanya hapo ulipo.

Kwa siku za kawaida, methadoni mara nyingi ni maji unayokunywa mbele ya muuguzi kila siku. Kila siku kweli, na tumbo la miezi nane, na kichefuchefu. Ukitapika mara tu baada ya kunywa sema hapohapo usione aibu, kuna utaratibu wake. Buprenofini ni kidonge au kipande chembamba cha kuyeyusha chini ya ulimi, usimeze, ukimeza inapotea nguvu, na sehemu nyingi mtu anapewa ya wiki au zaidi aende nayo. Ikishayeyuka suuza mdomo na maji halafu subiri kama saa moja ndio upige mswaki, meno yanaharibika kwa hii dawa na wajawazito tayari wana shida ya fizi. Kuna ile iliyochanganywa na naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezima kwa unga), zamani tulikuwa tunawabadilishia wajawazito tukiiogopa, sasa hivi ushahidi upo wa kutosha kwamba hata mjamzito anaweza kuendelea nayo.

Buprenofini ina dari, ukipita dozi fulani haikuongezei kitu tena, kwahiyo ni vigumu zaidi kuzima nayo. Methadoni haina dari. Hiyo inafanya buprenofini iwe salama zaidi nyumbani kwenye watoto wengine (zote mbili lakini zifungiwe, kinywaji kimoja cha methadoni kinaweza kuua mtoto mdogo), ila hilo dari ndilo hilohilo linalowafanya baadhi ya watu waliokuwa wanatumia sana waseme hii hainishiki.

Ukiwa na dawa nyingine ndio mambo yanabadilika. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha methadoni vibaya, efavirenzi na nevirapini za virusi vya ukimwi pia, mtu anarudi arosto wakati dozi haijaguswa na anaitwa muongo. Dolutegraviri haina shida hiyo. Na methadoni inaweza kugusa mapigo ya moyo, mwenye historia ya moyo apimwe kwanza umeme wa moyo. Buprenofini ina usumbufu mdogo zaidi huku, ingawa rifampisini inaigusa nayo.

Namba za mtoto, na namba ambayo watu wanairuka

Utafiti unaotajwa kila mahali ulitoka mwaka 2010, unaitwa MOTHER, ulichukua wanawake 175 huko Marekani, Kanada na Austria wakagawiwa kwa bahati nasibu, wengine methadoni wengine buprenofini. Watoto wa buprenofini walihitaji mofini kidogo sana kutuliza arosto zao, wastani wa miligramu 1.1 dhidi ya 10.4, na walikaa hospitali siku 10 dhidi ya 17.5. Ukiishia hapo unasema basi imeisha, buprenofini imeshinda.

Sasa soma mstari wa chini yake. Waliopewa buprenofini asilimia 33 waliacha matibabu kabla ya kujifungua, waliopewa methadoni asilimia 18. Na wengi wa walioacha buprenofini walisema tu hawakuridhika na dawa. Kwahiyo zile siku 10 nzuri ni za waliobaki. Mtoto wa aliyeondoka hayumo kwenye hesabu ile.

Mwaka 2022 ukaja mwingine mkubwa zaidi, wa rekodi za bima ya umma ya Marekani, na wenyewe ukaegemea upande uleule, watoto waliopata arosto ni asilimia 52 kwa buprenofini na 69 kwa methadoni, waliozaliwa njiti asilimia 14 na 25. Kwa mama mwenyewe, upasuaji na matatizo makubwa ya uzazi, hakukuwa na tofauti ya maana. Huu haukugawa watu kwa bahati nasibu, na anayepelekwa methadoni mara nyingi ndiye mwenye hali nzito zaidi kuanzia mwanzo, kwahiyo sehemu ya pengo inaweza kuwa ya watu na sio ya dawa. Sehemu. Siamini ni yote.

Kwahiyo mi nasemaje? Kama unaanza leo na zote mbili zipo, jaribu buprenofini kwanza. Ikikushika baki nayo. Isipokushika, hamu bado inakuamsha usiku, nenda methadoni mapema bila kujiona umefeli, na kuhama kwa upande huo ni rahisi, leo buprenofini kesho methadoni, wakati kutoka methadoni kwenda buprenofini kunataka usubiri na upitie arosto na hiyo sio kazi ya kufanya na mimba kama hamna sababu nzito. Kama tayari uko methadoni na umetulia, USIHAME kwa sababu tu umepata mimba. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu naona linavyofanyika, mama katulia miaka miwili, anapima mimba, mtu mwenye nia njema kabisa anamwambia ahamie ile "nzuri kwa mtoto", ndani ya mwezi yuko kijiweni. Na aliyewahi kujaribu buprenofini mara mbili tatu ikamshinda, au yule ambaye kuonana na muuguzi kila asubuhi ndiko kunakomshikilia, huyo methadoni ndio dawa yake, namba za njiti zisimtishe.

Dozi kubwa, dozi ndogo

Hili halina upande wa pili ila lazima niliweke, maana ndilo linaloharibu chaguo lolote utakalofanya. Miezi mitatu ya mwisho damu inaongezeka, ini linachakata methadoni haraka zaidi, dozi iliyokuwa inafika asubuhi sasa inaisha saa kumi jioni. Wengine wanahitaji kuongezwa, wengine kugawiwa mara mbili kwa siku. Nakumbuka mama mmoja alikuwa anatetemeka kila jioni na anaficha, kaambiwa na muuguzi apunguze dozi ili mtoto asizaliwe na arosto kali, na yeye kwa kumpenda mtoto wake anavumilia mpaka siku moja hakuvumilia. Ukweli ni kwamba ukubwa wa dozi ya methadoni ya mama hautabiri ukali wa arosto ya mtoto. Tafiti zimeangalia hilo tena na tena. Kupunguza dozi hakumwokoi mtoto, kunamsukuma mama tu kurudi kwenye unga, na hapo mtoto anapata vyote viwili. (Kinachoongeza ukali kweli ni sigara na vidonge vya usingizi juu ya dawa, na sigara hamna anayeisema.)

Leba

Fupi. Dozi yako ya kila siku endelea nayo siku ya leba, na dozi hiyo haiondoi maumivu ya leba, kwahiyo anayekwambia "wewe tayari una dawa mwilini" amekosea, unahitaji ganzi ya mgongo na dawa ya maumivu kama mwenzako na baada ya upasuaji pengine zaidi. Waambie wasikupe pentazosini, nalbufini wala butofanoli, hizo zinaitoa methadoni au buprenofini mahali pake na utaingia arosto ukiwa mezani. Andika kwenye karatasi, mpe anayekusindikiza.

Wodi ya kutenganisha na wodi ya kuweka pamoja

Kwa maoni yangu huku ndiko kwenye tofauti kubwa kuliko hata ya dawa, na ndiko watu wasipouliza kabla.

Aina ya kwanza ya hospitali, mtoto anachukuliwa anapelekwa chumba cha watoto wagonjwa, taa zinawaka, kengele zinalia, kila masaa machache anaamshwa ahesabiwe alama, amepiga chafya ngapi, ametetemeka vipi, alama zikifika kiwango fulani anaanzishiwa mofini. Kipimo hicho cha Finnegan kipo tangu mwaka 1975 na kwa wakati wake kilisaidia sana, kabla yake watoto walikuwa wanapuuzwa tu. Aina ya pili inauliza mambo matatu, mtoto amenyonya vya kutosha? Amelala angalau saa moja bila kukatizwa? Akilia anabembelezeka ndani ya dakika kumi? Kama ndiyo, mofini ya nini. Chumba kina giza kidogo, kimya, mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ananyonya mara nyingi. Dawa ya kwanza ni mama mwenyewe, mofini inakuja akishindwa.

Mwaka 2023 hospitali 26 za Marekani zililinganisha hizi mbili kwa watoto zaidi ya 1,300. Waliofuata njia ya pili walikuwa tayari kutoka baada ya siku 8.2, wa njia ya kwanza 14.9, na waliohitaji dawa ni asilimia 19.5 dhidi ya 52. Sasa rudi ulinganishe na pengo la methadoni na buprenofini pale juu. Unaona? Mama wa methadoni kwenye wodi ya kubembeleza anaweza kuwa pazuri kuliko mama wa buprenofini ambaye mtoto wake kawekwa jengo la pili.

Kwahiyo ukiwa na miezi saba nenda ukaulize, nitalala chumba kimoja na mtoto? Nitaruhusiwa kunyonyesha? Kwa sababu ukiwa umetulia kwenye dawa yoyote ya hizi na hutumii kingine, unanyonyesha, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Hepataiti C haizuii, ila chuchu zikipasuka na kutoa damu simamisha upande huo mpaka zipone. Mwenye virusi vya ukimwi afuate maelekezo ya kliniki yake. Na tarajieni kukaa siku nne mpaka saba za uangalizi hata kama mtoto anaonekana mzima, arosto ya mtoto inaweza kuchelewa kuanza mpaka siku ya tatu au zaidi. Kilio chembamba, kutetemeka, kunyonya kwa vurugu, kuharisha. Inatibika na inaisha. Na mtoto huyo sio teja, jamani. Teja anatafuta, mtoto hatafuti kitu, mwili wake umezoea tu. Ukisikia manesi wa wodi wanaita watoto hivyo wakati wa kuuliza maswali yako, hilo nalo ni jibu.

Hospitali inayouliza na hospitali inayopima kimyakimya

Kuna zinazokaa na kila mjamzito, kila mmoja sio yule aliyevaa vibaya, zikamuuliza kwa upole kuhusu pombe, sigara, dawa. Na kuna zinazochukua mkojo wa kupima sukari na protini halafu wanaupima na dawa za kulevya bila kusema. Mkojo unaonyesha kitu kimeingia, hauonyeshi ugonjwa, hauonyeshi kama wewe ni mama mzuri. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2001, kesi ya Ferguson na jiji la Charleston, ilisema hospitali ya umma haiwezi kuwapima wajawazito bila ridhaa yao halafu kuwapa polisi majibu. Tennessee mwaka 2014 wakatunga sheria ya kumshtaki mama, 2016 ikaachwa ife. Mama akiogopa pingu haji kliniki, anakuja leba tayari kichwa cha mtoto kinaonekana na hamna aliyewahi kumpima presha. Sheria zinatofautiana kila nchi, kwahiyo kabla ya kusaini chochote uliza majibu yanakwenda kwa nani.

Pombe na vidonge vya usingizi

Usiache mwenyewe ghafla nyumbani kama unakunywa kila siku kwa wingi au umemeza diazepamu kwa miezi. Arosto ya unga inatesa, ya pombe na ya hivi vidonge inaweza kuleta degedege na kuua. Pombe inatolewa wodini kwa dawa kwa siku chache, vidonge vinapunguzwa taratibu kwa wiki. Methadoni na buprenofini hazifanyi chochote hapa. Kwa kokeini, bangi na krista hakuna dawa ya kubadilishia, hapo ni ushauri nasaha, zawadi ndogondogo kwa kila kipimo safi (inafanya kazi kuliko inavyosikika), na mtu wa kukufuatilia.

Sasa huo mwaka

Huko Massachusetts waliangalia mama waliopata ovadozi, kabla na baada ya kujifungua. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndio ilikuwa salama kuliko yote. Hatari kubwa ilikuwa mtoto akiwa na miezi saba mpaka kumi na mbili. Fikiria hiyo picha, wakati wa mimba kila mtu anakuulizia, kliniki kila wiki, ndugu wanapiga simu. Mtoto akizaliwa wote wanahamia kwa mtoto. Wiki ya sita unaambiwa uko sawa kwaheri. Usingizi hamna, huzuni ya uzazi inaingia, mtu anakushauri sasa mimba imeisha punguza dawa, na mpango uliokuwa unakulipia au kukupokea ulikuwa wa wajawazito tu. Miezi saba ni hapo.

Kwahiyo ukilinganisha kliniki mbili, ile yenye dawa "nzuri" lakini inakutoa kwenye daftari wiki ya sita, na ile yenye methadoni ya maji na foleni ya asubuhi lakini chanjo ya mtoto, uzazi wa mpango, mshauri na dozi yako viko geti moja na wanakubakiza mpaka useme mwenyewe, mi nakupeleka ya pili. Baada ya kujifungua dozi isishushwe kwa kanuni, iangaliwe kwako, ukisinzia sana ukiwa umempakata mtoto sema ipunguzwe kidogo, usiposinzia iache. Na omba naloksoni ya kukaa nayo ndani kabla hujatoka wodini, hata ukiwa bado mjamzito ni halali kupewa ukizima, kwanza mama apumue. Umwonyeshe unayeishi naye inapokaa na inavyotumika, usiku huohuo mnapofika nyumbani na mtoto.